Waya wa Mwalimu na Mvua za Masika

Miaka ya 1990, pale Tanga, mwalimu mmoja mstaafu alikuwa na simu ya mezani sebuleni. Laini ya simu enzi hizo haikupatikana kirahisi. Mtu aliomba, akasubiri, akasahau kama aliomba. Mkewe alikuwa akiumwa miguu. Kila simu ilipolia alijikokota kutoka chumbani, na mara nyingi alifika imekwisha kukatika. Mume akaamua kuihamishia simu chumbani kwa mikono yake mwenyewe. Nia yake ilikuwa njema kabisa, na kwa hilo hastahili kulaumiwa.

Lawama inaanzia kwenye vifaa. Alichukua waya wa taa uliobaki wakati wa ujenzi, akaunganisha na ule wa simu kwa kusokota ncha na kuzizungushia tepu. Kutoka hapo aliupitisha nje, chini ya mapaa, na alipofika dirisha la chumbani akauingiza ndani ya bomba lile lile lenye nyaya za umeme, kwa kuwa tundu lilikuwa tayari.

Kazi haijaisha, amesimama juu ya stuli, ncha tupu ziko katika vidole vyenye jasho, mtu akapiga simu. Alirushwa chini, akateguka mkono. Wengi huamini kwamba waya wa simu hauna nguvu. Simu ikiwa imetulia, laini hubeba takriban volti 48 kutoka kwenye betri za kituo cha simu, na mkono mkavu waweza usihisi kitu. Ni kwa sababu ya betri hizo simu ya mezani huendelea kufanya kazi hata umeme wa nyumba ukikatika. Lakini ili kengele ilie, kituo hutuma mkondo mwingine unaofika volti 75 hadi 90. Mtu aliye juu ya stuli hahitaji zaidi ya hapo. Laini hutengwa kwanza, ndipo ncha zinaposhikwa.

Mkono ulipopoa alimalizia, na simu ikaita chumbani. Mama akafurahi. Mvumo ulisikika kila walipozungumza, lakini waliuzoea. Mvumo ule ulitoka kwenye nyaya za umeme zilizolala ubavuni mwa ule waya wa taa. Waya halisi wa simu husokotwa jozi kwa jozi, kwa utaratibu ambao Alexander Graham Bell aliusajili mwaka 1881, ili usumbufu wa nje uziguse nyaya zote mbili sawasawa na kujifuta. Waya wa taa umelala sambamba tu. Kila kinachopita jirani unakipokea.

Yote hayo yangevumilika. Masika yakaja.

Tepu haizuii maji. Huyaingiza taratibu kisha huyafungia ndani. Hewa ya Tanga ina chumvi ya bahari, na laini ya simu ina umeme saa zote, usiku na mchana. Shaba yenye unyevu, chumvi na umeme kwa pamoja huliwa upesi. Kiungo kikaota kutu ya kijani, na umeme ukaanza kuvuja kutoka waya mmoja kwenda wa pili. Kituo cha simu hakina macho. Kinapoona mkondo unapita kwenye laini, kinaelewa kwamba mkonga umeinuliwa. Kwa hiyo kila aliyepiga aliambiwa simu inatumika, na chumbani hakukusikika hata mlio mmoja.

Ni siku hizo dada yake mwalimu alipofariki alfajiri, Korogwe. Mpwa wake alishinda posta akipiga, akijibiwa kwa mlio ule ule. Marehemu akazikwa baada ya alasiri. Kesho yake kijana alishuka kwenye basi, akasimama mlangoni.

“Mjomba, tulikupigia tangu asubuhi. Tukadhani una mazungumzo marefu.”

Korogwe si mbali na Tanga. Angewahi.

Fundi wa kampuni ya simu alipofika aliangalia juu, akaangalia chini.

“Shikamoo, mzee. Nani aliuvuta waya huu?”

“Ni mimi, mwanangu.”

“Basi niwie radhi. Nitaukata wote.”

Akamwonyesha bombani mahali ambapo ganda la waya lilikuwa limeanza kuchubuka. Siku ambayo volti 230 za nyumba zingevuka hapo, zingemkuta mama ameweka mkonga sikioni. Kwangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, kubwa kuliko hata mazishi yaliyompita. Fundi alivuta waya mpya uliosokotwa, ndani ya nyumba, usio na kiungo njiani, mbali na umeme. Ulipolazimika kukatiza waya wa umeme, aliukatisha kwa pembe mraba.

Wewe uliye na laini ya shaba nyumbani au ofisini na unataka kuisogeza: kisanduku cha kampuni kiachie kampuni. Ndani ya nyumba, tumia waya wa simu, usiuchanganye na umeme bomba moja, na usiguse chochote wingu linapounguruma. Ukimwita fundi wa mtaani, kabla hujamlipa mwambie akuonyeshe kila kiungo alichofanya, na anachokificha nyuma ya tepu mwambie akifungue.