Mlango wa Maji na Hukumu ya Ada

Kisiwa cha Mombasa kimezungukwa na maji yanayotoka Bahari ya Hindi kwa njia mbili: mbele ya Mji wa Kale na Bandari ya Kale maji huingia kuelekea hori la Tudor, na upande wa kusini huingia Kilindini na kufika hadi Port Reitz, ambako hukutana na maji ya mto Mwache. Mtaalamu anayetaka kujua mafuta yaliyomwagika bandarini yatafika wapi kabla ya maji kupwa, au taka za mji hukaa muda gani ndani ya hori, hutunga modeli, yaani mfano wa hisabati unaokokotolewa na kompyuta, ambamo hori hugawanywa katika visanduku maelfu na mwendo wa maji ndani ya kila kisanduku hutafutwa kwa milinganyo iliyoanzishwa na Navier mwaka 1822 na kukamilishwa na Stokes mwaka 1845. Milinganyo hiyo hueleza jinsi maji ya mahali pamoja yanavyosukumwa na maji ya jirani. Lakini kisanduku cha mwisho, kilichoko mlangoni mwa bahari, kina jirani asiyekuwamo katika hesabu. Hapo kompyuta haikokotoi, bali huambiwa. Inachoambiwa huitwa sharti la mpaka, na pale ambapo maji huingilia, sharti hilo ndilo linaloamua kimo au kasi ya maji kila dakika, na kwa hiyo ndilo linaloamua karibu kila kitu kitakachotokea ndani.

Swali linalozuka hapo si la wahandisi peke yao. Kauli inayopokewa bila kukokotolewa, na ambayo kila hesabu inayofuata husimama juu yake, ina hadhi gani: ni elimu, ni dhana, au ni imani?

Jibu huanza kwa kutazama kauli yenyewe hutoka wapi. Kwa Mombasa hutoka hasa katika kipimo cha kimo cha maji kilichoko Kilindini, ambacho rekodi zake huchambuliwa ili kutenganisha mawimbi mengi yaliyochanganyika. Wimbi kubwa kuliko yote ni la mwezi, linalorudi kila baada ya saa 12 na dakika 25 na kuinua maji karibu mita 1 juu ya usawa wa kati. La jua, linalorudi kila saa 12, huinua karibu nusu mita. Yanapokwenda pamoja hupatikana bamvua, ambapo tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa hufika mita 3 na zaidi. Yanapopingana huwa ni maji mafu, na tofauti hushuka hadi karibu mita 1. Mvuvi wa Mombasa huyajua haya kwa kuhesabu siku za mwezi mwandamo, na hesabu yake na ya kompyuta, kwa undani wake, ni za aina moja: zote mbili husema kwamba yaliyozoeleka kutokea yatatokea tena.

Elimu ya namna hii wanazuoni wa itikadi ya Kiislamu waliipa jina. Al-Sanusi wa Tlemcen, aliyefariki mwaka 1490, na ambaye vitabu vyake vya tauhidi vilisomwa katika nchi nyingi za Kiislamu, pwani ya Afrika Mashariki ikiwamo, aligawa hukumu katika mafungu matatu: ya sheria, ya akili na ya ada. Hukumu ya akili ni ile isiyotegemea kukariri wala kuwekwa na sheria, kama vile kusema kwamba sehemu ni ndogo kuliko kizima. Hukumu ya ada ni ile inayothibitika kwa kukariri, kama vile moto kuunguza na chakula kushibisha, ambapo akili haioni ulazima wowote bali huona mazoea tu. Mwanazuoni al-Ghazali alikuwa ameshalitetea jambo hilo zaidi ya karne tatu kabla yake, kwa mfano wake mashuhuri wa pamba na moto. Sharti la maingilio ni hukumu ya ada iliyo wazi kabisa, tena yenye unyofu kuliko hesabu nyingine, kwa sababu hapo mtaalamu hawezi kujificha nyuma ya mlinganyo: anakiri kwamba amepokea.

Yupo atakayesema kwamba kilichopokewa mlangoni kinaweza kukokotolewa na modeli kubwa zaidi, ya bahari nzima. Ni kweli, na ndivyo wanavyofanya wataalamu: modeli ya hori hulishwa na ya pwani, na ya pwani hulishwa na ya Bahari ya Hindi. Lakini hata ile inayoizunguka dunia yote, isiyo na ukingo wa upande, bado huambiwa upepo unaovuma juu yake na mvuto wa mwezi na jua. Wanazuoni waliita mfululizo wa sababu usio na mwanzo tasalsuli, na waliukataa. Mwanafalsafa Ibn Sina alihoji kwamba mfululizo wa vitu ambavyo kila kimoja huhitaji kingine hausimami mpaka apatikane Aliyepo kwa lazima, asiyehitaji.

Hapa pana kishawishi cha kuteleza, nacho kinastahili kupingwa kwa nguvu. Msomaji mcha Mungu huenda akaona kwamba mlango ule, ambapo hesabu hukoma, ndipo mahali pa Muumba. Wazo hilo lina nia njema, lakini linamdhulumu Anayekusudiwa kutukuzwa. Kwa mujibu wa hoja ya al-Ghazali na al-Sanusi, maji yaliyo katikati ya hori, yanayotii mlinganyo, yanahitaji kuendeshwa sawasawa na yale yaliyoko ukingoni. Mlinganyo nao ni maelezo ya ada, si sababu inayotenda. Anayemweka Mungu mpakani tu amempa eneo linalopungua kila modeli inapopanuliwa. Mpaka ni alama ya ukomo wa mwenye kukokotoa, na hauongezi chochote wala haupunguzi katika utegemezi wa viumbe.

Ukomo huo una adabu zake, na hisabati yenyewe huzidai. Hadamard, mwanahisabati wa Ufaransa, alionyesha mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba tatizo huwa limewekwa vyema pale tu linapokuwa na jibu, jibu likawa moja, na kosa dogo katika yaliyotolewa lisizae kosa kubwa katika jibu. Anayesema machache mlangoni huacha majibu mengi; anayesema mengi mno, kwa kulazimisha kimo na kasi kwa pamoja pale ambapo maji yanaruhusu kimoja tu, huzuia mawimbi yanayotaka kutoka, nayo hugonga mpaka na kurudi ndani kana kwamba bahari ilikuwa ukuta. Mlango wa Tudor huongeza ugumu, kwa kuwa mara 2 kila siku maingilio hugeuka njia ya kutokea, na maji yanayorudi wakati wa kujaa ni kwa sehemu yaleyale yaliyotoka saa chache nyuma, yakiwa na chumvi na uchafu wa hori. Anayeyapa chumvi ya bahari kuu amesahau kwamba kilichotoka mlangoni mwake kina historia ya ndani.

Ada nayo huvunjika, wakati mwingine kwa mkono wa binadamu. Kwa miongo mingi tuta la Makupa, lililounganisha kisiwa na bara, lilizuia maji kupita baina ya hori la Tudor na Port Reitz, na modeli yoyote ya miaka hiyo ilikuwa na haki ya kuandika hapo ukuta wenye kasi ya sifuri. Daraja lililofunguliwa mwaka 2022 lilikusudiwa, pamoja na mengine, kurudisha mapito hayo. Milinganyo haikubadilika hata herufi moja, wala haikuwa na njia ya kujua. Kompyuta iliyobaki na ukuta wake ingeendelea kutoa ramani safi za mwendo wa maji, bila kosa la hesabu, kuhusu Makupa isiyokuwapo tena. Na katika mto Mwache, ambako ujenzi wa bwawa umeanzishwa huko Kwale, vipimo vya maji ya mto vilivyokusanywa kabla ya ujenzi vitakuwa ni vya mto mwingine, hata kama jina, sakafu na mdomo wake ni vilevile.