Enyi Mnaochagua Godoro kwa Kulibonyeza

Enyi ndugu wa Tanga, wa Mombasa, wa Unguja, nyote mnaolala pwani hewa ikiwa imelowa usiku kucha, nawasihi: acheni kununua godoro kwa kiganja! Mnaingia dukani, mnakandamiza sponji, mnasema "hili laini", mnalipa. Kisha mnamlaza hapo mtoto mwenye pumu, na saa tisa usiku mnamtafutia pampu gizani huku mkiulaumu upepo wa kusi.

Msiusingizie upepo! Tazameni chini ya shuka. Humo mna utitiri wa vumbi, kijidudu kisichofika hata nusu milimita. Haumi wala hanyonyi damu. Anayenyonya damu ni kunguni, na huyo ana kesi yake. Utitiri hula magamba ya ngozi yanayotupukutika tukilala, na maji yake huyafyonza kutoka kwenye unyevu wa hewa. Ndiyo maana pwani ananenepa, na kwenye miinuko mikavu anadhoofika. Kinachobana kifua cha mwanao hasa ni kinyesi cha utitiri huyo. Utamwua kwa dawa ya kupuliza, kinyesi kitabaki!

Basi wewe mama uliyeapiwa na muuzaji kwamba godoro lake haliingiwi na mdudu, usimwamini. La sufi, la pamba, la springi, la sponji, yote huvamiwa, hata jipya, miezi haipiti mingi. La mtumba ndilo baya zaidi: unanunua vumbi la vitanda vya watu usiowajua. Sponji nzito ina nafuu kidogo, kwa kuwa haitimui vumbi kama sufi kuukuu. Lakini wokovu hauko kwenye sponji, uko kwenye mfuko! Mfuko wa kitambaa kilichofumwa kwa kubana, matundu yake yasizidi maikroni 10, umezunguka godoro zima na kufungwa kwa zipu. Na mto nao uvishwe.

Hapa nitawakera mnaopamba vyumba ili vipigwe picha. Yule bibi mnayemcheka kwa kutolivua godoro nailoni ya dukani amewazidi akili. Nailoni ina joto, kweli, na huchanika. Ila ikiwa nzima, ikitandikwa shuka nzito na kufutwa kwa kitambaa kibichi, utitiri wa ndani haumfikii. Kitandani kwa mtoto mchanga tu isiwepo, itamziba pumzi.

Wala msijidanganye kwamba mfuko peke yake unaponya. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto, nyuzi 60 au zaidi. Chemsheni maji, zilowekeni. Dawa ya daktari isiachwe.

Fedha ikiwa haba, shusha bei ya godoro, usiushushe mfuko. Na Jumamosi ukienda dukani, nenda na futi mkononi: pima urefu, upana na unene, na mfuko usiofunika pande zote sita mrudishie mwenyewe!