Miguu ya Mwenzetu

Liko swali moja linalowapata wasafiri wa mijini, nalo ni hili: Je, ni halali mtu mzima, mwenye afya njema na miguu yake miwili, kuketi kitako na kuchukuliwa na mtu mwingine kwa nguvu za mwili wake? Nasema halali kwa maana ya dhamiri, si kwa maana ya sheria, kwa kuwa sheria za miji mingi huliruhusu jambo hili na kulitoza ada. Swali si geni. Lilikuwako zamani za machela, wakati wakubwa na wageni walipobebwa mabegani mwa wapagazi. Likawako Mombasa mwanzoni mwa karne ya 20, ambako vigari vidogo vilipita juu ya reli nyembamba, abiria wameketi chini ya kitambaa cha kivuli na watu wakivisukuma mbio kutoka nyuma. Liko hata leo Vietnam, katika Hanoi na Hue, ambako wageni huzungushwa mitaani kwa baiskeli za magurudumu matatu. Na sisi tukaao kando ya ziwa tunalo, kwa sababu tunayo boda boda ya baiskeli.

Jina lenyewe lilizaliwa karibu nasi. Mpakani Busia, kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda, palikuwa na mwendo wa kuchosha kwa mwenye mizigo, na gari la abiria halikuweza kuuvuka bila hati nyingi. Katika miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli walianza kuwavusha wasafiri kutoka mpaka hadi mpaka, wakinadi kwa neno la Kiingereza lenye maana hiyo hiyo ya mpaka. Neno likapanda baiskeli pamoja na abiria, likaenea Afrika Mashariki yote. Kilichotakiwa kilikuwa kidogo: baiskeli nzito ya chuma, mto wa sponji uliofungwa nyuma ya tandiko, mahali pa kuegemeza miguu, na mapaja ya kijana. Huko Kisumu, kwa muda wa miaka mingi, mwalimu, muuguzi, mchuuzi wa samaki na mwanafunzi aliyechelewa wote walifika waendako kwa mapaja hayo.

Wako watu wema wasiotaka kabisa kuchukuliwa hivyo. Mohandas Gandhi alikuwa mmoja wao. Aliposhuka Durban Januari 1897, vijana waliomchukia walimtambua na kuanza kumzomea. Wakili rafiki yake aliyefuatana naye akaita kigari cha kukokotwa na mtu. Gandhi ameeleza katika kitabu cha maisha yake kwamba hakupenda wazo la kupanda kigari cha namna ile, na kwamba ingalikuwa mara yake ya kwanza. Hakukipanda. Wale vijana walimtisha mkokotaji, naye akatimua mbio. Wasomaji wa habari hii huyakumbuka mawe na makofi yaliyompata Gandhi baada ya hapo, na ni haki kuyakumbuka. Mimi humkumbuka pia yule mkokotaji. Jina lake halimo kitabuni. Alikuja kutafuta riziki, akaondoka bila nauli na roho mkononi.

Simtaji Gandhi ili kumlaumu, maana mtu ambaye hawezi kuona haya juu ya jasho la mwenziwe ana upungufu mkubwa kuliko mtu aliyezidisha haya. Lakini tazama haya hiyo inamfaa nani. Mtu akikataa kupanda baiskeli kwa huruma, akaenda zake kwa miguu, dhamiri yake imepona. Mwendeshaji amebaki pale pale chini ya mti, na jioni yake haina unga. Huruma isiyomfikia anayehurumiwa ni huruma gani? Yamkini ni njia ya kuyaepuka macho yetu wenyewe yasione kitu kinachotuudhi.

Na hapa lipo jambo la kuangaliwa kwa makini, yaani mahali alipowekwa mchukuzi. Katika zile baiskeli za Vietnam abiria huketi mbele, na mwendeshaji hukanyaga pedali nyuma yake. Vigari vya Mombasa vilisukumwa kutoka nyuma vivyo hivyo. Abiria huiona njia yote wazi mbele ya uso wake, kama kwamba inamjia yenyewe. Kazi inayomfikisha iko kisogoni. Ni kiti kizuri cha kutazamia mji. Boda boda yetu haina hila hiyo. Abiria huketi nyuma, na kitu cha kwanza akionacho, kabla ya mji, ni mgongo wa mtu. Shati likilowa analiona likilowa. Pumzi ikizidi anaisikia. Mimi nasema kiti hiki cha nyuma ni kibaya kwa mtalii na kizuri kwa dhamiri.

Maana usidhani, msomaji, kuwa asiyepanda baiskeli hachukuliwi na mtu. Omena uliokula jana walivuliwa usiku na watu waliokesha majini na taa zao. Sukari ya chai yako ilianza kwa mkata miwa aliyeinama na panga katika bonde la Nyando. Reli iliyofika Kisumu tarehe 20 Desemba 1901 ililazwa kwa mikono ya maelfu ya vibarua, wengi wao wameletwa kutoka Bara Hindi. Lakini kituo kiliitwa Port Florence, kwa jina la Florence, mke wa mhandisi Ronald Preston. Sote tunachukuliwa. Tofauti ni kwamba wachukuzi wengine wako mbali nasi au walikwisha kufa, na huyu wa baiskeli yuko mbele yetu umbali wa shubiri moja. Kumkataa yeye peke yake, na kuwakubali wale wengine wote kwa kuwa hawaonekani, hakuwezi kuitwa uadilifu.

Basi swali limegeuka. Si swali la kuchukuliwa au kutochukuliwa, bali ni swali la kuchukuliwa namna gani.

Aliyenifundisha sehemu ya jibu alikuwa mwendeshaji mmoja niliyemkodi Jumapili moja anizungushe mjini tangu asubuhi hadi alasiri. Tulianzia soko la Kibuye, ambalo siku hiyo ya juma hufurika hadi barabarani kwa nguo, viti vya mbao, kuku na vyungu. Tukateremka barabara ya Jomo Kenyatta hadi mtaa wa Oginga Odinga, kwenye mnara wa saa. Hapo nilimweleza kwamba mnara ulijengwa mwaka 1938 kwa ukumbusho wa mfanya biashara Kassim Lakha. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, “Mwalimu, mimi mnara huu naujua kwa kivuli. Saa nane kivuli chake kinatosha watu wawili na baiskeli moja.”

Nilicheka, lakini kadiri tulivyoendelea nilitambua kuwa nina kiongozi mwenye elimu nisiyokuwa nayo. Mimi niliujua mji kwa majina na miaka. Yeye aliujua kwa goti. Aliniambia kuwa njia ya kushuka ziwani, ambayo kila abiria hudhani ni rahisi, huwa nyepesi asubuhi tu: alasiri upepo hutoka majini na kumkabili mwendeshaji kifuani, hata mteremko hauonekani kuwa mteremko. Aliniambia mtaro upi hufurika mvua ikinyesha. Aliniambia ni mlango upi wa hospitali kuu ufikishwe mjamzito, na upi mtu aliyevunjika mguu. Hayo hakuyasoma popote. Tulipofika Dunga, kwenye mafunjo na mitumbwi, alimwamkia mama mmoja muuza samaki kwa heshima ya mtoto kwa mzazi, na yule mama, ambaye mimi angeniuzia ngege kwa bei ya mgeni, aliniuzia kwa bei ya mwenyeji.

Nauliza sasa: katika safari ile nani alikuwa mkubwa wa mwenziwe? Mimi nilikuwa na fedha na kiti. Yeye alikuwa na njia, upepo, na watu. Kama ningaliketi kimya nyuma yake, nikautazama mji juu ya bega lake kama mtu atazamaye juu ya ukuta, ningalilipa nauli yote na bado ningalimdhulumu. Maana dhuluma si kupunguza fedha peke yake. Kumfanya mtu kuwa chombo, ukasahau kuwa anaona na kukumbuka na kufikiri, ni dhuluma pia, na wala haiondolewi na bahashishi.

Najua jibu la mpinzani, nalo lina nguvu. Atasema: Unazungumza juu ya heshima na mazungumzo, lakini kijana huyu hakuchagua kazi hii. Njaa ndiyo iliyomchagulia. Baiskeli yenyewe pengine si yake, ameikodi kwa siku, na mwenye baiskeli hudai chake hata kama abiria hawakupatikana. Hiari ya mwenye njaa ni hiari gani? Sina jibu la kuinyamazisha hoja hii, wala sidhani inafaa inyamazishwe. Ninachosema ni kwamba deni hilo halilipwi na abiria mmoja kwa kushuka kitini. Ni deni la mji mzima na la serikali.

Lakini miji nayo huweza kulipa kwa njia mbaya. Mwaka 2006 bunge la jimbo la West Bengal, nchini India, lilipitisha sheria ya kukomesha vigari vya kukokotwa na watu katika jiji la Kolkata, kwa hoja kwamba ni aibu mtu kumkokota mtu. Nani aliyepinga? Wakokotaji wenyewe. Waliuliza watakula nini kesho yake. Kwetu Kenya mabadiliko yalikuja kwa mlango mwingine. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika pikipiki ndogo, nazo zikaingia kwa wingi; bajaji za magurudumu matatu nazo zikaongezeka. Mapaja mengi yalipumzika, na hilo ni jema lisilo na shaka. Lakini pikipiki ina bei yake, na aliyekosa fedha za kuinunua au mdhamini wa kumkopesha aliachwa na baiskeli yake, akiwakimbilia abiria wachache zaidi kwa nauli ndogo zaidi. Waendeshaji wa baiskeli wamepungua sana Kisumu. Ukimwona mmoja leo, fikiri kwamba huenda unamtazama mtu ambaye maendeleo yalimpita barabarani bila kupunguza mwendo.

Nawaambia ninyi wanafunzi mambo haya kwa sababu nimewasikia mkiita. “We boda!” mnasema, na kidole hewani, kwa mtu ambaye ana umri wa kaka zenu wakubwa au baba zenu wadogo. Mkiwa nyumbani hamthubutu kumwita hivyo jirani yenu. Ni kitu gani kilichowafundisha kwamba mtu akipanda baiskeli ya kazi amelivua jina la ndugu? Na halafu mkifika, hubishana juu ya shilingi kumi ambazo mlikubaliana mwanzoni, mkijua kuwa kazi imekwisha kufanyika na hawezi kuirudisha miguuni. Kubishana kabla ya safari ni biashara. Kubishana baada yake ni kitu kingine, na Kiswahili kinalo jina lake.

Waendeshaji wenyewe wana kanuni zao, ambazo hazikuandikwa. Barabara ikianza kupanda, kama ile iendayo Mamboleo na Riat, abiria mwenye nguvu hushuka bila kuambiwa, akatembea kando ya baiskeli hadi juu, na wote wawili huzungumza kwa pumzi moja. Asiyeshuka hatukanwi, lakini hukumbukwa. Ila mgonjwa, au bibi kizee mwenye kikapu, haombwi kushuka. Hapo mwendeshaji hushuka yeye, akashika usukani kwa mkono mmoja na tandiko kwa mkono wa pili, akaisukuma baiskeli mlimani, bibi ameketi vile vile na kikapu chake magotini. Na sijapata kusikia mmoja wao akidai nauli ya ziada kwa kipande hicho cha njia.