Deni la Manyoya

Mwezi wa Julai uwanda wa Ufipa huwa na baridi ambayo sisi watu wa visiwani hatukuzaliwa nayo. Mji wa Sumbawanga umekaa zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na upepo wake wa alfajiri haukuti miti mingi ya kuuzuia. Nilikuwa mgeni wa rafiki yangu, mwalimu mstaafu wa Kifipa, nyumbani kwake katika kata ya Izia. Asubuhi ya siku ya tatu alitoka uani ameshika mkasi wa kukatia nguo, akaniambia bila ya kunitazama usoni: "Maalim, nina upungufu wa mikono miwili. Dini yako naijua. Ukikataa sitaona vibaya."

Mikono hiyo miwili ilikuwa ya kumshikia mbwa.

Mbwa mwenyewe hakufanana na mbwa niliowazoea. Mbwa koko wetu wa pwani, kama wale wa Ufipa, ana manyoya mafupi yaliyolala, mkia wa upinde, na macho ya mtu ajuaye kuwa dunia haimdai yeye kitu. Huyu alikuwa na manyoya ya kijivu na meupe yaliyojisokota kama sufi iliyolowa, marefu hata macho hayakuonekana, na watoto wa mtaani walimwita Kondoo. Baba yake alikuwa mbwa wa kuchungia kondoo, wa ukoo wa wale wa mipakani mwa Uskoti na Uingereza. Mama yake alikuwa pudo, mbwa wa manyoya ya mawimbi ambaye wengi tumemwona katika picha tu, mapajani mwa mabibi wa Ulaya. Aliletwa na mgeni mmoja aliyekuja kwa kazi ya mkataba. Mkataba ukesha, mgeni akaondoka, akamwachia Mwalimu mbwa, mnyororo, na karatasi moja iliyoandikwa pande zote mbili.

Nimeisoma karatasi ile zaidi ya mara moja, nami naona ndani yake suala lote ninalotaka kulileta mbele ya wasomaji wa kurasa hizi, ambao pengine watashangaa kukuta humu habari za mbwa badala ya vina na mizani. Iliagiza kwamba achanwe kila siku mbili kwa kitana cha chuma, na isiwe juujuu bali mpaka kwenye ngozi. Akatwe manyoya kila baada ya wiki sita au nane. Masikio yakaguliwe, maana manyoya humwota hata ndani ya tundu la sikio, yakazuia hewa, uchafu ukaoza. Achomwe sindano ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Asipewe kabisa ivamektini. Na mwisho, kwa herufi kubwa: apewe kazi.

Yote hayo yanahitaji kuelezwa. Mbwa wa kawaida hupukutisha manyoya yake; yakizeeka huanguka, na mwenye nyumba hufagia. Manyoya ya pudo hayaanguki hivyo. Hukua tu, kama nywele za binadamu, na unyoya uliokufa hunaswa na ulio hai, vikasokotana. Pasipo kitana, misokoto huwa mafundo, mafundo huwa zulia, na zulia hilo huvuta ngozi kila mnyama anapopiga hatua. Chini yake hukaa unyevu, na palipo na unyevu na kidonda inzi hawachelewi kutaga. Pudo hakuwa kipambo tangu asili. Alikuwa mbwa wa wawindaji wa bata katika nchi za Wajerumani, wa kuogelea katika maji ya baridi, na manyoya yake yalikuwa vazi lake la kazi. Lakini hata huko alikuwa na mtu wa kumkata. Mbwa asiyeweza kuishi bila ya mkasi ni mbwa aliyetengenezwa na mwenye mkasi.

Na huu uchotara una tarehe yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Australia, Wally Conron, aliyekuwa akifanya kazi katika chama cha mbwa wa kuwaongoza wasioona, alipokea ombi la mwanamke kipofu wa Hawaii ambaye mumewe alidhurika na manyoya ya mbwa. Conron akampandisha pudo na mbwa wa jamii ya labrado. Nia ilikuwa njema, hakuna awezaye kuisema vibaya. Kisha biashara ikaingia: watu wakaanza kumchanganya pudo na kila mbwa wa chini ya jua, wachunga kondoo wakiwamo, kwa kuwa sura zilipendeza na bei zilipanda. Mwaka 2019 Conron alisema hadharani kwamba anajuta. Sidhani kama majuto yake yalimchana mbwa hata mmoja, lakini namheshimu kwa kuyatamka.

Hatukuumba, Muumba ni mmoja. Ila tulichagua nani azae na nani, tukaendelea kuchagua kizazi baada ya kizazi, mpaka tukapata kiumbe ambaye haja zake ni matokeo ya matakwa yetu. Mtoto wa binadamu huzaliwa na haja, akakua akaziacha. Kondoo wa Izia hatakua akajichana. Basi nauliza: haja niliyoisababisha mimi kwa mwingine ni deni juu yangu? Na mimi nikiondoka, deni hilo hulichukua nani?

Jirani mmoja wa Mwalimu, mtu mwenye heshima zake, alilijibu suala hili kwa ukali akiwa amesimama ukutani. Kuna watoto hapa wanakwenda skuli na baridi hii bila ya sweta, alisema, nanyi mnamsuka nywele mbwa. Hoja hii si ndogo, na kila anayeandika juu ya wanyama katika nchi zetu lazima apite mlangoni mwake. Mtu ni bora kuliko mbwa. Sina shaka na hilo. Lakini nimeishi muda wa kutosha kujua kwamba mara nyingi anayesema "mtu kwanza" hamalizii sentensi yake dukani kwa kununua sweta. Na Mwalimu, nilivyomwona, alikuwa akiwasomesha watoto wa mtaa ule jioni bila ya malipo. Mkasi haukuwanyima kitu.

Hoja iliyonisumbua zaidi ilikuwa ya upande wetu. Mimi ni Mshafii, kama walivyo wengi wa wasomaji wangu, na kwetu mbwa ni najisi nzito: chombo alichotia ulimi huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Tumelelewa na msemo kwamba ukijizoeza kucheza na mbwa utaingia naye msikitini. Wamaliki wanayo rai nyingine, kwamba mbwa mwenyewe ni tohara na kuosha chombo ni ibada tu, lakini sikusafiri mpaka Sumbawanga ili nibadilishe madhehebu kwa ajili ya mkasi. Nilijua pia kwamba kikavu kwa kikavu hakinajisi. Bahati mbaya mbwa yule alikuwa ameloa umande mpaka tumboni.

Nilipokuwa nimesimama pale nikijitafutia udhuru, nilimkumbuka mwanachuoni wa Kishafii, Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki Misri mwaka 1262. Alizitaja haki za wanyama juu ya binadamu, na miongoni mwake ni kuwa mwenye mnyama amgharimie kwa kadiri ya mahitaji ya jinsi yake, hata akizeeka au akiugua kwa namna ambayo hakuna tena manufaa yatokayo kwake. Tuyatazame vizuri maneno haya: kwa kadiri ya mahitaji ya jinsi yake. Hayasemi kwa kadiri ya hali yangu, wala kwa kadiri ya desturi za mtaa. Jinsi ya yule mbwa ilihitaji mkasi. Na haki haitenguliwi na najisi, kwani najisi ni hukumu juu ya mwili wangu na chombo changu, nayo ina dawa yake, maji na udongo, vitu ambavyo Izia havikosekani. Tumeichukua hukumu ya usafi tukaigeuza leseni ya kurusha mawe. Dini ile ile inasimulia juu ya aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na Kurani inamtaja mbwa wa Watu wa Pangoni akiwa amenyoosha miguu yake kizingitini. Wale waliokuwa wakiandika Baghdad walikwenda mbali zaidi: Ibn al-Marzuban, aliyefariki mwaka 921, alitunga kitabu kizima juu ya ubora wa mbwa kuliko wengi wa wavaao nguo. Hicho kilikuwa kijembe kwa watu zaidi ya kuwa sifa kwa mbwa.

Basi nikakunja mikono ya kanzu, nikamshika.

Ilichukua saa mbili na nusu. Mafundo ya nyuma ya masikio yalikuwa yamegandamana na ngozi, na Mwalimu aliyakata kidogo kidogo, akitia kidole baina ya mkasi na nyama ili kama kuna wa kukatwa basi akatwe yeye. Hatukumnyoa kipara, kwa sababu ya baridi. Palipowezekana tuliacha manyoya ya upana wa kidole. Mbwa alitetemeka mwanzoni, kisha akaacha. Macho yalipotokeza, moja lilikuwa la kahawia na la pili la buluu, na lile la buluu lilinitazama kwa muda ambao sikuupenda.

Kuhusu ivamektini nilisimuliwa kisa. Ni dawa ya minyoo na wadudu ambayo wafugaji huwachoma ng'ombe na mbuzi, nayo ni neema kubwa. Lakini katika koo za mbwa wachungaji wa asili ya Uskoti imo kasoro ya kurithi, ambayo kwa mwenye nayo dawa hii hupenya hadi kwenye ubongo, na kipimo kikubwa kinaweza kumpofusha au kumuua. Kijana mmoja jirani, mwenye mbuzi, alikuja siku moja na bomba la sindano kwa nia njema kabisa. Karatasi ndiyo iliyomwokoa Kondoo. Wema peke yake ungemuua, na wema ule ule ungekuwa dawa kwa mbwa koko wa nyumba ya pili.

Sindano ya kichaa cha mbwa haikuwa na ubishi. Wapemba wanalijua hili kuliko mimi. Kisiwani kwao ugonjwa huo ulikoma mwaka 2014 baada ya chanjo za kila mwaka za kisiwa kizima. Chanjo zikalegea, mwishoni mwa 2016 ukaingia tena, na ukakomeshwa Oktoba 2018 baada ya kampeni kurejeshwa. Mbwa wale walichanjwa kwa ajili yetu, nalo ni deni rahisi kulipa kwa kuwa faida yake inarudi nyumbani.

Yamebaki yale maneno ya herufi kubwa, nayo ndiyo yaliyonishinda. Manyoya hukatwa. Ile nusu ya pili, ya mchungaji, haikatiki. Mbwa wa mipakani wengi sana hutajiwa babu mmoja, aliyeitwa Hemp, aliyezaliwa Northumberland mwaka 1893, na sifa yake ilikuwa kuwaendesha kondoo kwa kuwatazama tu, kimya, bila ya kubweka. Uwezo ule ulipandwa na kukuzwa mpaka ukawa kiu. Kondoo wa Izia hakuwa na kondoo. Saa moja asubuhi watoto walipopita kwenda skuli, alitoka akawazunguka, akainamisha kichwa, akawakusanya katika kona ya ukuta na kuwaweka pale. Hakumng'ata hata mmoja. Lakini walilia, wakachelewa, na mama zao walikuja. Wengine walinong'ona habari ya sumu. Tangu siku hiyo alifungwa mnyororo, na kila watoto walipopita aliinuka, akazunguka kigingi kwa mwendo ule ule, mpaka majani yakaisha na ukabaki mduara wa vumbi.

Mwalimu alijaribu. Alimpeleka kwa mpwawe mwenye ng'ombe, upande wa malisho, na kwa siku nne ilikuwa raha. Siku ya tano ng'ombe mmoja alimrusha kwa pembe. Ng'ombe wa kwetu hawajafundishwa kuogopa macho. Akarudi na mbavu zilizovunjika, akarudishwa kwenye mnyororo. Nilimwuliza Mwalimu kama haingekuwa huruma zaidi kumwita Bwana Mifugo amlaze moja kwa moja. Alinyamaza, akaendelea kuokota manyoya. Kisha akasema kuwa mgeni yule naye alilifikiri hilo, akashindwa, ndipo akaandika karatasi.

Sikuwa na la kumjibu, na hata sasa sina. Deni la manyoya nalielewa, lina mkasi na wiki sita. Deni la kazi silijui linalipwaje katika mtaa usio na kondoo.

Nilikwenda bombani, nikajiosha mara saba, ya kwanza kwa udongo mwekundu wa Ufipa, maji ya baridi yakiniuma vidole. Mwalimu alinimiminia, akihesabu kwa sauti asije akakosea.

Siku niliyoondoka aliniagiza kitu kimoja tu kutoka Unguja: kitana cha chuma, chenye meno marefu, maana cha mgeni kimekatika. Nilikitafuta Darajani duka baada ya duka, nikakipata. Mwenye duka, akikifunga katika gazeti, akaniuliza nywele gani hizo ngumu namna hii. Nikamwambia ni za mjukuu wangu.