Paja, Kisu na Nia

Mtu aliyekuwa mnene kupindukia akapungua kilo nyingi hubaki na ngozi isiyorudi mahali pake. Mapajani huning'inia na kusuguana anapotembea. Jasho hujikusanya kwenye mikunjo, fangasi huota, vidonda hukauka na kufumuka tena. Mazoezi hayaikazi ngozi hiyo. Cha kuiondoa ni kisu, na hapo Mwislamu huuliza: je, kuikata si kubadili uumbaji wa Mungu? Swali ni la haki, ila huulizwa mapema mno. Shehe anazijua kanuni, lakini hali ya mwili ule anaijua aliyeupima. Ndiyo maana naona kwenda kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile ni sehemu ya kuitafuta fatwa, wala si jambo la kusubiri mpaka fatwa itoke.

Tuitazame dalili ya kisheria yenyewe. Hadithi ya Ibn Masud inayowalaani wanaojichora mwili, wanaonyonyoa nyusi na wanaoachanisha meno imeitaja sababu: kutafuta uzuri. Kwa upande wa pili yupo Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab, zama za ujahiliya. Alijitengenezea pua ya fedha, ikatoa harufu, na Mtume (s.a.w.) akamwelekeza atumie ya dhahabu, madini ambayo wanaume wamekatazwa kujipamba nayo. Arfaja hakuwa mahututi. Tatizo lake lilikuwa harufu. Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, ilifuata njia hiyohiyo: kuondoa kasoro yenye madhara kunaruhusiwa, kujikata kwa ajili ya urembo mtupu hakuruhusiwi. Wapo watakaosema Arfaja alikatwa na adui, ilhali huyu alinenepa kwa mkono wake. Hoja hiyo haina nguvu. Aliyevunjika mguu kwa uzembe wake naye hufungwa plasta, na hakuna anayemuuliza kwanza alianguka vipi.

Pingamizi zito ni jingine: kwamba watu watajificha nyuma ya vidonda, na kumbe wanachotaka ni mapaja ya picha. Wapo, tena si haba. Lakini chumba cha daktari kinawachuja kuliko kiapo. Daktari makini atauliza kama uzito umetulia kwa miezi kadhaa, fangasi zimetibiwa kwa dawa gani, sukari ikoje, na kama mgonjwa ataacha sigara wiki kadhaa kabla, kwa kuwa moshi huchelewesha kidonda kupona. Ataeleza hatari ya damu kuganda miguuni. Kisha atachukua kalamu na kuchora juu ya paja palepale kovu litakapopita: kwenye kinena, na ngozi ikiwa nyingi, kushuka upande wa ndani hadi karibu na goti. Kovu hilo ni la maisha, na likishuka huweza kuvuta hata sehemu za siri. Mwaka 1988 Ted Lockwood alieleza mbinu ya kuishikiza ngozi kwenye utando imara wa kinena ili kulizuia lisishuke. Mwenye vidonda akiutazama mstari ule wa kalamu anaona nafuu. Anayetafuta uzuri tu anaona kovu, na wengi wa aina yake hapo ndipo huanza kusitasita.

Suala la aurati halipaswi kumkwamisha mgonjwa: haja ya tiba inaruhusu paja kutazamwa kwa kadiri ya haja hiyo. Mwanamke amwombe daktari wa kike akipatikana, na kila mgonjwa aulize picha zake zitahifadhiwa wapi na nani ataziona.

Basi mashehe wetu wadai maelezo ya daktari kabla ya kutamka haramu au halali, na mgonjwa amweleze daktari yote bila kuongeza chumvi. Ikiwa vidonda vimepona kwa dawa ya kupaka, kutembea hakumsumbui, moyo wake umetulia, na bado anakitaka kisu, basi ruhusa aliyopewa Arfaja haimhusu.