Haki ya Mzee: Ni Deni la Nani?

Swali tuulizwalo mara nyingi katika darasa zetu hapa Isiolo ni hili: mzee akishapata fedha za Serikali, je, mwanawe amepunguziwa wajibu? Na mwenye kuzigawa fedha hizo, je, atoa sadaka au alipa deni? Na tuyapime haya kwa insafu.

Tangu mwaka wa 2018, chini ya mpango uitwao Inua Jamii, raia wa Kenya aliyetimiza miaka 70 na asiye na pensheni ya Serikali amewekewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, imempa mzee haki ya kutunzwa na jamaa zake na Dola pia. Angalia, ewe msomaji: haikusema jamaa au Dola, imewataja wote wawili. Basi mtoto asemaye kuwa baba sasa ana mshahara, kisha akaufunga mkono wake, amekosea. Shilingi 2,000 hazitoshi unga na dawa. Na hata zingetosha, fedha haimshiki mzee mkono usiku.

Ama upande wa Dola, imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattab alimkuta mzee kipofu, asiyekuwa Mwislamu, akiomba. Alimpa kitu cha nyumbani kwake, kisha akaamuru apewe katika Baitul-Mali yeye na mfano wake, kwa kuwa si uadilifu kula ujana wa mtu na kumtupa uzeeni. Hakukiita kitu kile sadaka ya Khalifa. Alikiona ni haki.

Tukishaijua haki, tuangalie itendwavyo. Wazee wetu wa leo walikuwa watoto na vijana katika vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, wakati mifugo ilipoangamia. Wengi waliandikishwa baadaye, na miaka yao ikakisiwa. Leo mzee ambaye rika lake lote lamjua kuwa ametimiza 70 huambiwa kuwa kitambulisho chasema bado. Tena waliotimiza umri huo baada ya uandikishaji wa 2017 walingoja miaka kabla ya daftari kufunguliwa tena. Mara kadhaa malipo yamechelewa kwa miezi, na mzee akaishi kwa deni la dukani. Na akaaye Sericho au Merti, nauli ya kuifuata haki yake yaila haki yenyewe.

Twanasihi mambo matatu. Kwanza, pale karatasi inapopungua, ushahidi wa rika usikilizwe, kwani si haki kumdai mtu hati ambayo hakupewa wakati wake. Pili, majina yasomwe barazani mbele ya watu, ili aliyekufa aondolewe na aliyesahauliwa asimame. Tatu, yule achukuaye fedha kwa niaba ya mzee dhaifu ajue kuwa amebeba amana. Akipunguza hata shilingi 100 ni khiyana, ingawa ni mwanawe wa kumzaa.

Kumlaumu Chifu ni rahisi. Lakini kabla hatujauliza kwa nini jina la mama halimo daftarini, kila mmoja wetu ajiulize: mara ya mwisho nilimpelekea nini? Deni ni la wawili, na kuchelewa kwa mmoja hakumfutii mwenziwe.

Wabillahi tawfiq.