Amri ya Tano na Kijana Mwenye Panga

"Usiue." Wengi tunaisikia kama amri ya wengine, maana sisi hatujashika kisu. Lakini Luther, katika Katekisimo Ndogo, haishii hapo: anatutaka tumsaidie jirani katika mahitaji yote ya mwili wake. Je, kijana mwenye panga naye ni jirani?

Panya Road walipovamia nyumba za watu Dar es Salaam mwaka 2022, hata waumini walisema wamalizwe tu. Hasira hiyo naielewa. Anayemhubiria msamaha mtu ambaye jeraha lake halijafungwa anamkosea.

Ila tazameni Glasgow, Scotland, ambako polisi walianzisha kitengo cha kupunguza ukatili mwaka 2005. Mwaka 2008 vijana wa magenge waliitwa mahakamani, lakini si kwa kuhukumiwa. Polisi waliwaonya kwamba mmoja akirudia, kundi zima litafuatwa. Daktari alieleza visu vinavyofanya mwilini. Mama wa kijana aliyeshambuliwa naye alizungumza. Kisha wakapewa namba ya simu: anayetaka kutoka apige, asaidiwe kupata mafunzo na kazi.

Mlutheri anaiona hapo Sheria na Injili, ingawa sidhani polisi waliwaza hivyo. Huruma haikumfuta mama yule, alisikilizwa kwanza.

Namba ile ingekuwa uongo kama hakuna wa kupokea. Katika mtaa wetu, kijana akitaka kuacha panga usiku huu, ampigie nani? Tunao mafundi seremala, washonaji, wenye gereji. Wanakaa kanisani kila Jumapili.